Nani Analala Nyumbani Kwako?

Mlinitumia ujumbe mkisema: Tonton Déo, tuandikie siri za kazi kabla hujazisahau. Siri hakuna. Kazi ya kuwajazia watu déclaration, ile karatasi ya kodi ya kila mwaka, anaiweza yeyote anayesoma Kifaransa na kuvumilia wenzake. Ninachoweza kuwapa ni mazoea tu. Ila katikati ya mazoea hayo kuna aibu moja ambayo nilitaka kustaafu nayo kimya. Nimebadili nia kwa sababu nyinyi sasa mmekalia kiti changu, na kiti kile kina tabia ya kumfanya mtu ajione anajua maisha ya kila mtu.

Chumba chetu cha kungojea, pale Brussels nyuma ya Porte de Namur, mnakijua. Hakina mlango, kina kabati la mafaili tu linalojifanya ukuta. Wanaongojea wote wanajuana: msusi wa Matonge, mtaa wetu sisi Wakongo, ameketi karibu na mteja wake, mzee wa kanisa karibu na kijana aliyemfundisha katekisimu. Ndiyo maana hatuiti majina, tunaita namba. Na mshahara wa mtu hautamkwi. Uandikeni kwenye kipande cha karatasi, mgeuzieni asome, kisha mwacheni akichane mwenyewe. Watu wetu wanapenda sana kukichana, wengine wanakichana vipande vidogo hadi unafagia.

Mkikutana na mteja sokoni Midi siku ya Jumapili, msimsalimie kwanza. Hili nilijifunza kwa kukosea. Nilimwona baba mmoja karibu na meza ya nyanya, yuko na shemeji zake, nikampungia mkono kwa furaha. Akaangalia nyanya. Nikadhani hanikumbuki, nikapaza sauti: "Ni mimi, Tonton Déo wa déclaration!" Kumbe shemeji zake waliamini kwamba yeye ni injinia. Mwaka uliofuata nilisikia anapanda treni hadi Anvers kujaziwa karatasi yake na mtu asiyemjua, na mimi simlaumu.

Halafu jueni kueleza. Wengi wanakuja wakiamini kodi ni kitu cha kutoa tu. Waambieni polepole: wewe unafanya kazi, mshahara ni mdogo, una watoto. Kwa kila mtoto unayemlea, sheria inakupunguzia kodi. Na kama mshahara ni mdogo hivi kwamba kodi yenyewe ya kupunguza haipo, basi sehemu ya punguzo lile inageuka pesa, wanakurudishia kwenye akaunti. Hiyo ndiyo crédit d'impôt. Si sadaka, wala si msaada wa kwenda kupigia foleni. Ni haki ya mfanyakazi. Nimewaona akina mama wakiikataa kwa sababu waliona aibu kupokea kitu cha serikali, nami nilikuwa nawatania: "Maman, mficha uchi hazai. Nipe fiche yako ya mshahara." Walicheka, wakanipa. Nilikuwa hodari sana wa kuwavua wenzangu aibu.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Madame Godelieve, Mbelgiji mmoja mfupi wa Kiflemi aliyevaa miwani yenye kamba shingoni. Wakati ule kila kitu kilikuwa karatasi. Watu walileta bahasha za kahawia ndani ya mfuko wa plastiki, zingine za miaka mitatu, hazijafunguliwa, zimewekwa chini ya mkate ili jirani kwenye tramu asizione. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwafungulia. Madame Godelieve akanipiga kidogo kwenye kidole na kalamu yake. Mwache afungue mwenyewe, alisema. Akizoea kufungua kwako, ataweza kufungua kwake. Leo bahasha ni chache, mtu anaingia kwa simu yake na namba zake za siri, lakini kanuni ni ile ile. Simu ishikwe na mwenyewe.

Kosa la pili lilikuwa la Kikongo kabisa. Alikuja baba mmoja wa Uvira, mfagiaji wa ofisi, mpole. Nikamwuliza ana watoto wangapi. Akaanza na wake, akaingia wa marehemu kaka yake, akavuka ziwa akawaleta wawili walioko Kigoma shuleni. Wote anawalipia, wote wanamwita Papa, nami nikaandika wote, maana hata mimi ningejibu hivyo. Madame Godelieve akairudisha karatasi mezani kwangu.

"Déo," akasema, "hapa usiulize watoto wangapi. Uliza: nani analala nyumbani kwako?"

Nilikasirika. Niliona ni swali la polisi. Lakini alisema kweli: kwetu mtoto ni wa ukoo, kwa kodi mtoto ni wa nyumba anamoishi siku ya kwanza ya mwaka. Swali lile likawa langu. Nililiuliza kwa upole hadi likajulikana Matonge nzima, vijana wakawa wananitania nalo mbele ya duka la maharagwe na samaki wa chumvi: "Tonton, leo nani analala kwako?"

Shida kubwa kuliko zote, na mtaikuta kila mwezi wa sita, ni ndoa ya mahari. Watu wametoa mahari, wamecheza ngoma, wamezaa, lakini commune, ofisi ya serikali ya mtaa inayoandikisha ndoa, hawajawahi kwenda. Kwenye kompyuta ya serikali kila mmoja ni célibataire, yaani hajaoa wala kuolewa, na kila mmoja ana déclaration yake. Baba mmoja wa Bukavu nusura anitoe jino.

"Célibataire? Miye?" alisimama. "Tonton, nililipa dot, bantu yote banajua! Bakwe yangu balikula mbuzi yangu mpaka mifupa, alors leo unaniandika célibataire?"

"Papa, commune haijue mbuzi," nikamwambia.

Chumba kizima kilicheka, na yeye mwishowe akacheka. Nilijisikia mjanja. Neno lile nililitumia miaka mingi, mpaka lilipofika nyumbani kwangu.

Nina binti mmoja, Mapendo. Ni aide-soignante, anawaogesha na kuwalisha wagonjwa kwenye hospitali kubwa kule Jette, nusu ya masaa, kwa sababu ana watoto wawili wadogo. Mume wake, Patient, alimposa kwa heshima zote. Tulikodi ukumbi Anderlecht. Mimi nilivaa suti waliyoniletea wao, nikakaa mbele, nikapokea mahari mikononi mwa Papa Bahati, baba mdogo wa Patient, ambaye kanisani tunakaa benchi moja. Tulisema commune wataenda baadaye. Mimi, mtu wa "commune haijue mbuzi", nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Patient alitoka. Hakukuwa na vita. Alihamia Liège kwa kazi, halafu kazi ikawa na jina la mwanamke. Watoto walibaki kwa Mapendo, na anwani yao ni ya Mapendo. Lakini kwenye déclaration yake Patient aliendelea kuwaandika, kwa sababu kwake na kwa ukoo wake, mahari ikishatoka, watoto ni wa baba hata baba akihamia mwezini.

Mapendo aliniambia jikoni kwangu kwamba mwaka ule anataka kuwaandika watoto kwake, apate crédit, maana mshahara wa nusu masaa Brussels unaisha kabla hujautoa. Kwa mwanamke mwingine yeyote ningechukua kalamu palepale. Nikamwambia: ngoja kwanza, familia iongee. Nitaonana na Papa Bahati.

Sikuonana naye. Yaani nilionana naye kila Jumapili, nikampa mkono, tukaimba, tukaulizana habari za magoti. Nilikuwa naona aibu. Kuwaandika wale watoto kwa mama yao kama mwanamke aliye peke yake ilikuwa kutangaza kwamba binti wa Déo ameachwa, na kwamba suti ile nimeivaa bure. Nilijiambia Jumapili ijayo. Msimu ukapita. Baadaye ndipo nilijua kwamba kompyuta ya serikali yenyewe ilikuwa imemwekea Mapendo watoto wake wawili kwenye déclaration, tayari, bila kuuliza mtu, naye akawaondoa kwa kidole chake, kwa sababu baba yake alisema angoje.

Pesa alikuja kuzipata, nawaambia mapema ili msisome mkihofia hilo. Alizipata mwaka uliofuata. Ofisi ya kodi ilimwandikia Patient, Patient akasahihisha karatasi yake, na hakuna mbuzi aliyerudishwa na yeyote. Sheria ilikuwa rahisi tu, mimi ndiye nilikuwa nimeifanya ngumu.

Siku yenyewe ya aibu yangu, mwaka huo uliofuata, ilikuwa hivi. Jumamosi ya mwisho ya msimu, chumba kimejaa hadi ngazini. Papa Bahati naye alikuwemo, ameketi chini ya kalenda na karatasi zake kwenye begi la Biblia. Wazee wote wanakuja siku ya mwisho. Tulisalimiana. Nikaita namba iliyofuata, na aliyesimama ni Mapendo.

Alikuwa bado na viatu vyake vyeupe vya kazi. Akina mama wakamsalimia, "Mutoto ya Tonton!", akawajibu, akapita nyuma ya kabati, akaketi kwenye kiti cha wateja. Akaweka mbele yangu karatasi zake zilizopangwa vizuri kuliko za mtu yeyote wa siku ile.

"Si ungenipigia simu," nilisema.

"Nilibeba numéro, Papa. Njo zamu yangu."

Niliinamisha kichwa. "Mapendo, hii tutafanya nyumbani."

"Ku nyumba uliniambiaka ngoja. Hapa sijasikia unaambia muntu angoje."

Hakupaza sauti, lakini nyuma ya kabati mazungumzo yalikuwa yamepungua, na mnajua wenyewe kabati lile halizuii kitu. Nikavuta kibodi. Nikaomba fiche ya mshahara, akanipa. Nikauliza anwani kana kwamba siijui. Nikajaza kila kisanduku kinachojazika bila kugusa watoto, nikarudi juu, nikahakikisha tena jina lake, jina nililompa mimi. Nilikuwa nafikiria kalenda ukutani na mtu aliyeketi chini yake.

"Mwaka huu masaa yako yamepungua," nilisema, nipate la kusema.

"Petit, ule mudogo, alikuwa mugonjwa ya kifua hiver yote, wakati ya baridi. Mara mbili balimulaza. Nikapoteza masaa mingi ku kazi, njo mana fiche iko kidogo."

Mjukuu wangu. Nilikuwa nimemwona Noeli, nikampa chungwa, nikasema anakohoa kidogo. Kwamba alilazwa, mara mbili, nililijua pale, kwa sababu ya fiche ya mshahara. Nimefanya kazi ile miaka mingi na nimesikia mengi mezani pale, lakini aibu kama ile sijawahi kuipata. Mganga hajigangi, wanasema, na mimi nilikuwa mganga ambaye hata hakuuliza mgonjwa wa nyumbani kwake anaumwa nini.

"Papa," Mapendo akasema, "haujaniuliza."

"Nini?"

"Ile swali. Unaulizaka bantu yote."

Kila mtu chumbani alilijua swali. Niliangalia vidole vyangu. Nikauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa:

"Nani analala nyumbani kwako?"

"Miye na batoto wangu wawili," akasema Mapendo. "Patient haiko. Alitokaka mbele Noël ifike, si hii, ile ya nyuma. Hakuna muntu mwingine. Loyer ya nyumba nalipa miye, crèche ya batoto nalipa miye. Batoto bakigonjwa, njo miye naacha kazi. Bon. Njo vile iko."

Alisema bila kulia. Alisema vile wanavyopokezana zamu hospitalini, kitanda hiki hivi, kitanda kile hivi. Upande wa pili mtu alikohoa, nami nilikijua kikohozi kile, nakisikia kila Jumapili. Nikangoja Papa Bahati ainuke, aseme neno la wakwe, aondoke na begi lake. Hakuinuka. Naye alikuwa na karatasi zake za kujaza, na msimu ulikuwa unafunga.

Nikawaandika watoto. Mmoja, halafu mwingine. Mashine ikafanya hesabu yake, na kiasi cha kurudishiwa kikatokea. Nikakiandika kwenye kipande cha karatasi, nikamgeuzia. Alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka mjifunze, na ningeweza kuacha kuandika, ningebaki na heshima kidogo. Nilimkasirikia. Baada ya yote aliyosema, kitu cha kwanza kilichonipanda kilikuwa hasira ya mwanaume aliyeonekana na watu.

"Wewe una akili," nilimnong'oneza. "Hii kitu unaiweza ku téléphone yako peke yako. Kwa nini umekuja kunifanyia hivi mbele ya bantu?"

Alikuwa anarudisha karatasi zake kwenye mfuko, akaacha kwanza.

"Naiweza, Papa. Dix minutes, dakika kumi tu, imeisha. Sikukuya juu ya papier ya kodi." Aliniangalia. "Ile siku nilikuya kukuchukua hapa, nikakuta maman moja analia. Ulimupatia mayi. Ukafunga kompyuta. Ukamwacha aseme mpaka amalize, na bantu walikuwa wengi kama leo. Nikasema, eh, donc Papa anajua kusikiliza. Miye nilitaka tu unisikilize vile, hata mara moja."

Yule mama simkumbuki. Nimejaribu sana kumkumbuka tangu siku ile, nijue nilimfanyia nini hasa ambacho kwa mtoto wangu kilinishinda. Walikuwa wengi. Niliwapa wote maji.

Nilifunga kompyuta. Nikamwambia, na safari hii sikujali nani anasikia:

"Kaa, mwanangu. Kaa basi, niambie yote."

Mapendo alikuwa ameshasimama. Aliangalia nyuma ya kabati, kule ambako Papa Bahati alikuwa ameinuka na begi lake la Biblia, namba yake mkononi, akisubiri kwa adabu, macho chini.

"Zamu yangu imeisha, Papa," akasema. "Bantu banangoja."